Nyumba ya Pili Katika Ploti Moja: Ni Nani Anayeruhusu?



Katika ziara zetu za vikundi tumekuta jambo moja linalotusumbua, tukaona afadhali tuliandike hapa ili kila kikundi kisome na kujadili. Kuna mama mmoja mjane, mwanachama wa kikundi kilicho karibu na kituo cha soko. Ploti yake ni futi 50 kwa 100, ina nyumba moja ambamo anaishi na wajukuu wawili. Kikundi kilimkopesha pesa ajenge vyumba viwili nyuma ya nyumba, apate wapangaji na kulipa karo. Fundi akaweka msingi, kuta zikafika kwenye lenta. Asubuhi moja wakaja watu wa ofisi ya mipango, wakachora X ya rangi nyekundu ukutani na kumwachia barua ya kusimamisha kazi. Mama akawauliza, "Kwani hii si ploti yangu? Nimejenga barabarani?"

Kumbe eneo lile lilikuwa limeingizwa ndani ya mipaka ya mji miaka kadhaa nyuma, na katika ramani ya mji likaandikwa kuwa la nyumba moja kwa ploti moja. Hakuna aliyemwambia. Na sisi tuliokaa na kikundi siku ya kupitisha mkopo hatukuuliza. Tuliangalia wadhamini, tukaangalia bei ya mawe na mabati, tukapiga hesabu ya kodi ya mwezi, lakini hatukuuliza kama ruhusa ipo. Hilo ni kosa letu na tunalikubali. Mkopo ule ni pesa za akina mama 24 walioziweka kidogo kidogo kila Alhamisi.

Swali la yule mama si dogo. Ni nani anayeweza kuniambia nisijenge nyumba ya pili katika ploti yangu mwenyewe? Tumelifuatilia, na tumegundua kwamba swali hilo hilo limewasumbua watu wa Marekani kwa zaidi ya miaka mia moja, hasa katika jimbo la California, na huko sheria imebadilishwa hatua kwa hatua. Tunawasimulia habari hiyo kwa sababu inatuonyesha mahali pa kuanzia.

Sheria hii ilitoka wapi

Kijijini boma moja lina nyumba nyingi. Kwa Waluo kijana hujengewa simba, kwa Wakikuyu ilikuwako thingira, na nyanya ana nyumba yake na jiko lake. Hakuna aliyekwenda kuomba kibali kwa ajili hiyo. Lakini ukifika mjini, mambo ni mengine. Ofisi ya mipango hugawanya mji: hapa maduka, hapa viwanda, hapa shule, hapa makazi. Tena ile sehemu ya makazi hugawanywa: huku magorofa yanaruhusiwa, huku kila ploti ni nyumba moja ya familia moja, basi.

Si kwamba jambo lote ni baya. Hakuna anayetaka kiwanda cha ngozi kikae ukutani pamoja na shule ya watoto. Lakini ile kanuni ya nyumba moja kwa ploti moja ina historia yake, na si yote ya kupendeza. Mji wa Berkeley huko California uliiweka mwaka 1916, nao unahesabiwa miongoni mwa miji ya kwanza kabisa Marekani kufanya hivyo. Wakati huo miji mingine ilikuwa na sheria za wazi za kusema Mweusi asinunue nyumba mtaa wa Wazungu. Mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani ilizifuta sheria za namna hiyo. Basi wengi wakaona njia ya pembeni: ukisema kila ploti iwe kubwa na iwe na nyumba moja tu, huhitaji kutaja rangi ya mtu. Yule asiye na pesa nyingi atabaki nje mwenyewe. Mwaka 1926 mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba miji ina haki ya kugawanya maeneo namna hii, na jaji aliyeandika hukumu alilifananisha jengo la wapangaji na kimelea, yaani kitu kama kupe, kinachofyonza uzuri wa mtaa wa nyumba za familia.

Kupe! Wale waliokuwa wakiishi katika majengo hayo walikuwa wafanyakazi wa kawaida pamoja na watoto wao.

Tusiwacheke Wamarekani peke yao. Nairobi ilipangwa kwa rangi tangu mwanzo. Mwaka 1913 Profesa Simpson aliiandikia serikali ya kikoloni ripoti akishauri Wazungu, Waasia na Waafrika watengwe katika sehemu zao, akitoa sababu ya afya. Katika mitaa ya Wazungu ploti zilikuwa kubwa, nyumba moja katikati ya bustani, na nyuma kabisa karibu na ua kichumba cha mpishi au cha mtunza bustani. Kichumba hicho ndicho mpaka leo tunakiita SQ. Watoto wetu wengi waliokwenda Nairobi kutafuta kazi walianzia maisha katika SQ ya mtu, na wazazi wanajua ni msaada gani huo, kupata mahali pa kulala karibu na kazi bila kulipa kodi ya nyumba nzima.

Kwa hiyo mkisikia Wamarekani wanabishana kuhusu nyumba ndogo ya ziada katika ua wa nyumba kubwa, jueni wanabishana kuhusu SQ. Huko watu wengine huiita nyumba ya nyanya, na wengine nyumba ya mkwe, kwa kuwa wengi hujenga ili mzazi mzee akae karibu. (Kwetu, mama mkwe kulala katika boma la mkwewe ni neno lingine kabisa, lakini tuliache hilo.)

California ilivyofungua mlango

Ile kanuni ya 1916 ilienea. Katika jiji la Los Angeles, karibu robo tatu ya ardhi ya makazi iliwekwa kuwa ya nyumba moja ya familia moja. Watu wakaongezeka, ardhi haikuongezeka, kodi ikapanda mpaka mwalimu na muuguzi wakashindwa kuishi katika mji wanaoutumikia. Hesabu iliyofanywa mwaka 2023 ilikuta watu zaidi ya 180,000 katika jimbo lile hawana makao, wengi wao wakilala nje au ndani ya magari. Hilo ni jimbo tajiri katika nchi tajiri.

Bunge la California lilianza mapema, mwaka 1982, kwa kutunga sheria iliyosema miji iweke utaratibu wa kuruhusu nyumba ya pili katika ploti. Lakini miji haikutaka. Na hapa mtazame kwa makini, maana ndipo penye ujanja. Mji haukusema "hapana". Ulisema, "Ndiyo, lakini ploti yako iwe kubwa kiasi hiki. Ndiyo, lakini uweke nafasi mbili za kuegesha magari. Ndiyo, lakini ulipe ada hizi. Ndiyo, lakini kwanza majirani waitwe katika kikao watoe maoni." Jirani mmoja mwenye sauti kubwa alitosha kumkatisha mtu tamaa. Sheria ilikuwepo na nyumba hazikujengwa.

Mwaka 2002 bunge likarekebisha: ombi likitimiza masharti yaliyoandikwa, ofisi ilikubali bila kuita kikao cha majirani. Hilo lilianza kutumika Julai 2003. Bado masharti yenyewe yalibaki mazito, basi mwaka 2016 zikapitishwa sheria nyingine zilizopunguza ada na nafasi za magari, na mwaka 2019 zikaja zile zenye meno, zilizoanza kazi Januari 2020.

Sheria hizo za 2019 zinasema hivi. Mji hauwezi kuzuia nyumba ya ziada yenye ukubwa wa futi 800 za mraba kwa kisingizio cha ukubwa wa ploti. Mkitaka kujua futi 800 ni kiasi gani, ni vyumba vinane vya futi 10 kwa 10. Nyumba hiyo iachiwe futi 4 kutoka mpaka wa pembeni na wa nyuma, isidaiwe zaidi. Tena ndani ya nyumba kubwa yenyewe mwenye nyumba anaweza kukata sehemu isiyozidi futi 500 za mraba ikawa makao ya mtu mwingine, na hivyo ploti moja iliyokuwa ya familia moja ikaweza kuwa na familia tatu. Nyumba iliyo chini ya futi 750 haitozwi zile ada kubwa za maendeleo ya mji. Kama kituo cha basi kiko umbali wa nusu maili, mwenye nyumba hadaiwi nafasi ya kuegesha gari. Na ofisi ina siku 60 za kujibu. Siku 60 zikipita bila jibu, ombi linahesabiwa limekubaliwa.

Matokeo yake yalionekana upesi. Mwaka 2016 vibali vilivyotolewa jimbo zima vilikuwa kama 1,200 hivi. Mwaka 2022 vilipita 20,000. Watu hawakuwa wageni wa jambo hili. Walikuwa wanangoja kufunguliwa tu.

Jambo lingine lilitugusa sana tuliposoma habari hizi. Kule Los Angeles na miji mingine maelfu ya familia maskini zilikuwa tayari zinaishi katika gereji zilizogeuzwa vyumba, bila kibali, kwa woga wa kufukuzwa. Mwaka 2024 bunge likapitisha sheria kwamba nyumba ya namna hiyo iliyojengwa kabla ya 2020 isinyimwe kibali kwa sababu tu ilijengwa bila ruhusa. Ikaguliwe, na kama kuna hatari kwa afya au usalama, hiyo hatari irekebishwe. Yaani badala ya kuleta tingatinga, wanaleta mkaguzi. Tungependa ofisi zetu zijue habari hiyo.

Waliopinga walisema nini

Walikuwapo, tena wengi. Walisema magari yatajaa barabarani, mtaa utaingiwa na watu wasiojulikana, bei ya nyumba itashuka, mabomba ya maji taka yatazidiwa. Wengine, wakiwemo watu wanaotetea maskini, walisema nyumba hizi zitawanufaisha wenye ploti peke yao. Neno hilo lina ukweli. Nyumba ndogo ya namna hiyo huko mara nyingi hugharimu zaidi ya dola 100,000, na benki haimkopeshi kila mtu. Jimbo lilitoa msaada wa hadi dola 40,000 kwa wenye nyumba wa kipato cha chini na cha kati, lakini pesa zile ziliisha upesi kuliko waombaji. Mpangaji asiye na ploti anangoja tu kodi ishuke, na kungoja si chakula.

Kwa upande wetu, hoja ya wageni mtaani hatuipi uzito. Mpangaji ni mtu. Mwaka 1987 Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa waraka mzima juu ya Kanisa na tatizo la makazi, ikitukumbusha kuwa kukosa nyumba ni jambo la haki, si bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao ya kutosha na ya usafi unaofaa.

Hoja ya maji taka ndiyo tunayotaka mkae mkaifikirie. California ina mabomba yanayochukua uchafu. Vituo vyetu vingi vya soko vina vyoo vya shimo na visima vifupi katika ploti hiyo hiyo. Mtu akijenga vyumba kumi katika futi 50 kwa 100, na choo ni kimoja, na kisima kiko hatua chache kutoka hapo, watoto watakunywa nini? Tumeona kipindupindu, hatuhitaji kufundishwa. Kwa hiyo sisi hatusemi kila mtu ajenge apendavyo. Tunasema kanuni iangalie choo, maji, nafasi ya gari la zimamoto na mwanga wa dirisha. Hivyo ni vitu vinavyopimika. "Familia moja tu" haimlindi mtoto na kuhara.

Na kwetu Kenya je

Sheria tunayoitumia ni ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Mamlaka yako kwa kaunti. Sheria hiyo inataka mtu apate kibali cha kaunti kabla ya kuanza ujenzi au kubadili matumizi ya ardhi. Ukianza bila kibali na ukashtakiwa, faini inaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote pamoja. Hebu linganisheni faini hiyo na mkopo wa kikundi.

Lakini sheria hiyo hiyo ina mambo yanayomsaidia mwananchi, na wengi hawayajui. Kama huko California, kuna siku 60. Ukiomba kibali na usipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, sheria inakihesabu kibali hicho kimetolewa. Ndiyo maana tunasisitiza: usipeleke ombi bila kupata nakala yako iliyogongwa muhuri na tarehe. Bila muhuri huna siku ya kwanza ya kuhesabia. Na hata siku ya 61 usiite fundi kabla ya kuandika barua ya kuikumbusha ofisi na kuweka nakala. Maofisa wengine hawapendi kukumbushwa kifungu hiki, lakini kimo katika sheria.

Ukikataliwa, au ukipewa ilani ya kusimamisha kazi, una siku 14 za kukata rufani kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza malalamiko ya mipango ya ardhi, na kutoka hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni chache mno. Yule mama aliikunja barua akaiweka chini ya godoro kwa aibu, akangoja mkutano wa kikundi wa mwisho wa mwezi. Alipoitoa tuisome, siku zilikuwa zimeisha. Kwa hiyo tafadhali: barua yoyote ya serikali inayohusu ploti ipelekwe kwa mwenyekiti au katibu siku ile ile, hata kama ni usiku.

Pia someni hati zenu. Kuna ploti za mjini zilizotolewa na serikali kwa miaka kadhaa, na katika masharti yake imeandikwa kwamba pajengwe nyumba moja ya makazi. Hata kama jirani yako ana vyumba sita na hakuna aliyemgusa, sharti lako liko palepale. Kama ni shamba la kijijini ambalo mji umelifikia, nenda ofisi ya mipango ya kaunti ndogo uulize ploti yako iko katika eneo gani kwenye ramani. Kuuliza hakuhitaji wakili.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo California inatufundisha zaidi. Kule, mtu mmoja mmoja alipokuwa akiomba peke yake, alichoka na kushindwa. Mambo yalibadilika kanuni yenyewe ilipobadilishwa kwa wote. Hapa kwetu, kubadili matumizi ya ploti moja kunataka mpangaji miji aliyesajiliwa aandike maelezo, kunataka tangazo kwa umma na ada, na kwa mjane wa vyumba viwili gharama hiyo ni nzito karibu kama kujenga. Lakini kaunti hutengeneza mipango ya eneo, na sheria inadai wananchi washirikishwe. Siku ya baraza hilo ikitangazwa, wanaojaza viti vya mbele huwa ni wenye ploti kubwa na madalali. Wanakikundi wako shambani. Mpango unapitishwa, na miaka mitatu baadaye X inachorwa.

Kikundi chenye wanachama 24 kikiingia katika baraza hilo na barua moja inayosema, "Tunaomba eneo letu liruhusu nyumba ya pili ya vyumba viwili au vitatu katika kila ploti, kwa sharti la choo kilichokaguliwa na afisa wa afya," hapo ofisa ana kitu cha kuandika. Andikeni idadi ya vyumba, andikeni umbali kutoka mpaka, andikeni habari ya choo. Ombi la jumla jumla la "tusaidiwe" hubaki katika faili.

Kuhusu mikopo, kamati zetu zimekubaliana kuanzia sasa kwamba hakuna mkopo wa ujenzi wa vyumba vya kupangisha utakaotolewa kabla ya mwanachama kuleta nakala ya hati na kibali, au barua ya ofisi ya mipango inayoonyesha eneo lake. Wengine wamenung'unika kwamba tunachelewesha watu. Ni kweli tunachelewesha.

Yule mama tumemsaidia kupeleka ombi la kuhalalisha kile kilichokwisha jengwa, pamoja na mchoro wa choo kipya na cheti cha afisa wa afya. Nakala yenye muhuri iko kwa katibu wa kikundi, na siku zinahesabiwa katika daftari la mahudhurio. Wanakikundi wamekubali asilipe riba mpaka jibu lije.

Kikundi chochote kinachotaka kusaidiwa kuandika barua kwa ajili ya baraza la mipango, wajumbe wawili waje ofisini kwetu siku ya Jumanne kabla ya saa sita. Mje na nakala za hati, si hati zenyewe, na mchoro wa ploti hata kama umechorwa kwa mkono.